Treni Ikiishiwa Upepo Mlimani, Nini Kinaizuia?

Ukikaa nusu saa tu pale Chalinze njia panda, kuna sauti moja utaisikia mpaka uizoee: tssss! Ni lori linatoa upepo wa breki. Yanayokwenda Morogoro, Zambia na Kongo yananyoosha mbele, yanayokwenda Segera, Tanga na Arusha yanakata kulia, na yote hayo, ukiyatazama chini, yanategemea hewa iliyobanwa kwenye tangi ili yasimame.

Sasa, si mbali na hapo, upande wa Ruvu na Kwala, kuna mzigo mwingine unaotembea kwa reli. Reli ya Kati ya zamani inapita huko tangu enzi za Wajerumani. Kutoka Ruvu kuna tawi lililofunguliwa mwaka 1963, linalokwenda kaskazini kuvuka Mto Wami hadi Mruazi kukutana na reli ya Tanga. Na sasa ipo SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Julai 31, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala pamoja na safari za mizigo za SGR. Kwa hiyo mabehewa ya makontena si habari ya mbali tena kwa watu wa Pwani. Ni jirani.

Treni hizo nazo zinatumia breki za upepo. Basi swali letu la leo ni hili: upepo ukiisha, nini kinatokea? Usikimbilie kujibu "breki zinafeli." Jibu ni tofauti kwa lori na kwa treni, na hiyo tofauti imeshaua watu, hapa kwetu na kwingineko.

Chuma juu ya chuma

Kwanza tuelewe kwa nini treni inatisha ikiwa mlimani.

Tairi la lori linabonyea likigusa lami, na kule kubonyea kunakula nguvu. Gurudumu la treni ni chuma, reli ni chuma, hakuna kinachobonyea sana. Mahali vinapogusana ni padogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji msururu wa malori. Kwenye tambarare, kila tani moja ya treni inahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo mbili hivi tu ili iendelee kutembea.

Ni uchumi mzuri sana, lakini una upande wa pili. Kitu kinachotembea kirahisi namna hiyo kinateleza kirahisi vilevile.

Tuchukue mfano na tupige hesabu pamoja. Treni ya tani 1,000 ni kama malori 18 yaliyojaa mpaka kikomo cha tani 56, kile wanachokikagua pale mizani ya Vigwaza. Iweke kwenye mlima wa mita 2 za kupanda kwa kila mita 100 za safari. Kwa macho yako huo si mlima, ni kainuko tu. Lakini uzito wa treni unaivuta nyuma kwa nguvu ya tani 20, na msuguano unaoizuia ni tani 2. Zinabaki tani 18 zinazosukuma kurudi nyuma bila kupumzika.

Ukiiachia bila breki, baada ya dakika moja itakuwa inakwenda kilomita 38 kwa saa, na imeshasogea mita 300 na kitu. Dakika ya pili, kilomita 76 kwa saa. Dakika ya tatu, zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na imeshakwenda karibu kilomita tatu. Dakika tatu ni muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Mtu anayekimbia nyuma yake na jiwe mkononi ili aliweke chini ya gurudumu amechelewa tangu dakika ya kwanza.

Breki inayosubiri iharibike

Mafundi wa karne ya 19 walijua hatari hii. Mwanzoni breki ya upepo ilikuwa rahisi: dereva anasukuma hewa kwenye bomba, hewa inabana magurudumu. Tatizo lake unaliona mwenyewe. Bomba likipasuka, au mabehewa yakikatika, hewa haifiki na breki hakuna. Yaani siku unayoihitaji zaidi ndiyo siku inayokukimbia.

Mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse aligeuza mantiki yote juu chini. Katika mfumo wake kila behewa lina tangi lake dogo la hewa. Bomba linalopita treni nzima linajazwa upepo, kwenye treni nyingi za leo hadi bar 5, na upepo huo ndio unaoziambia breki "achieni." Dereva akitaka kusimama, anapunguza upepo kwenye bomba. Valvu ya kila behewa ikihisi upepo umeshuka, inafungua tangi lake na kubana magurudumu.

Sasa fikiria bomba limepasuka. Upepo unashuka ghafla, kila behewa linabana breki zake lenyewe. Mabehewa yamekatika katikati? Vilevile, vipande vyote viwili vinasimama. Kifaa kimeharibika, lakini kimeharibikia upande salama.

Hii ndiyo kanuni mama ya reli yote. Mhandisi wa reli hajiulizi tu "kitaharibika lini?" Anajiuliza "kikiharibika, kitaangukia upande gani?"

Kanuni hiyo imo hata kwenye ishara. Mkono wa ishara ya zamani, ile ya nguzo na ubao unaopanda na kushuka, hupangwa ili waya ukikatika ubao urudi wenyewe kwenye "simama." Mfumo unaopitisha umeme mdogo ndani ya reli ili kujua treni iko wapi nao uko hivyohivyo: umeme ukikatika kwa sababu yoyote, mtambo unachukulia kuwa njia ina treni na taa inawaka nyekundu. Mtu akikata nyaya ili akauze shaba, kinachotakiwa kutokea ni treni kusimama, si kugongana.

Armagh 1889, Igandu 2002

Juni 12, 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Breki zake, kama zile za mwanzo, hazikuwa za kujibana zenyewe. Wafanyakazi wakaamua kuigawa: sehemu ya mbele ipande kwanza, ya nyuma ibaki na kuwekewa mawe chini ya magurudumu. Kichwa kilipoondoka kilirudi nyuma kidogo tu, kikayagusa mabehewa yaliyobaki. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaporomoka na kuigonga treni iliyokuwa inakuja nyuma. Watu wapatao 80 walikufa, wakiwemo watoto.

Mwaka uleule Bunge la Uingereza likapitisha sheria: kila treni ya abiria iwe na breki zinazojibana zenyewe kwenye mabehewa yote, na treni mbili zisiruhusiwe kuwa kwenye kipande kimoja cha njia. Mambo ambayo makampuni yaliyapigia danadana kwa miaka yakawa lazima ndani ya miezi.

Songa mbele miaka 113. Juni 24, 2002, eneo la Igandu na Msagali mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na zaidi ya watu 1,000, ikitokea Dar es Salaam, ilipata tatizo la breki ikiwa mlimani. Ikaanza kurudi nyuma. Ikachukua kasi, na huko nyuma ikakutana na treni ya mizigo kwenye njia ileile moja. Watu 281 walipoteza maisha. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli ya Tanzania, na wapo wengi wanaosoma hapa ambao familia zao zilipokea habari ile kwenye redio.

Lengo letu hapa si kumtafuta wa kulaumiwa. Tunachotaka ni wewe uone jambo moja la kifizikia: treni za Igandu zilikuwa za zama za breki za Westinghouse, si za Armagh. Breki inayojibana yenyewe ilikuwa imeshagunduliwa miaka 130. Inakuwaje basi treni irudi nyuma?

Matundu matatu kwenye breki nzuri

Breki ile ina matundu, na kila mwanafunzi wa uhandisi wa reli anafundishwa kuyaogopa.

Tundu la kwanza ni muda. Tofauti na lori, hapa ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana. Breki ya maegesho ya lori inabanwa na springi kubwa. Upepo kazi yake ni kuizuia springi. Upepo wote ukiisha, springi inabana na lori halisogei, hata likae mwezi. Behewa la treni halina springi hiyo, linabanwa na upepo uliomo kwenye tangi lake. Na upepo huvuja, polepole, kwenye mpira huu na kiungio kile. Baada ya saa kadhaa hakuna cha kubana tena.

Hilo ndilo lililotokea Lac-Mégantic, Kanada, Julai 6, 2013. Treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa usiku kwenye mteremko. Kichwa kikashika moto kidogo, wazimamoto wakauzima moto na kuzima injini. Injini ikizimwa, hakuna kinachojaza upepo. Hendibreki zilizofungwa zilikuwa 7 tu. Upepo ukavuja, treni ikaanza kutembea bila mtu, ikashuka kilomita 11 hivi na kuingia mjini ikiwa na kasi ya kilomita 104 kwa saa. Watu 47 walikufa kwa moto.

Tundu la pili ni matumizi. Kila dereva anapobana na kuachia, tangi la behewa linatumia upepo, na kujaza tena kunachukua muda, hasa treni ikiwa ndefu. Ukibana, ukiachia, ukibana tena harakaharaka kwenye mteremko mrefu, unafika mahali unakamua tangi tupu. Wale wa malori ya Kitonga wanalijua hili hata kama hawajasoma fizikia.

Tundu la tatu ni koki. Kati ya behewa na behewa kuna koki ya kufunga bomba, kwa ajili ya kukata na kuunga mabehewa. Mtu akiisahau imefungwa, mabehewa ya nyuma yote hayasikii amri ya dereva. Juni 27, 1988 jijini Paris, treni iliingia stesheni ya Gare de Lyon koki ikiwa imefungwa baada ya behewa la kwanza. Dereva alikuwa na breki ya behewa moja kusimamisha treni nzima. Walikufa watu 56.

Ndiyo maana kabla ya treni ya mizigo kuondoka, lazima breki ijaribiwe mpaka behewa la mwisho: upepo ufike, breki zibane, ziachie. Ni kazi ya kuchosha, ya kutembea mita mia kadhaa kwenye kokoto, juani, kwenda na kurudi. Na ndiyo maana behewa linaloachwa peke yake linafungwa hendibreki kwa mkono na kuwekewa kabari, hata kama breki ya upepo imelishika vizuri. Upepo ni mgeni, hendibreki ndiye mwenyeji.

Ishara haimzuii asiyesoma

Sasa tuje kwenye ishara, maana watu wengi wanadhani ndizo dawa ya kila kitu.

Kazi ya ishara ni kuhakikisha kipande kimoja cha njia kina treni moja. Treni ya mizigo ikiwa kwenye kasi ya kilomita 120 kwa saa, kasi ambayo SGR imesanifiwa kwa mizigo, inahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Dereva akiona hatari kwa macho yake, ameshachelewa. Kwa hiyo lazima mtu au mtambo umwambie mapema.

Kwenye njia moja inayotumika kwenda na kurudi, mbinu ya zamani ni stesheni mbili kuulizana kwanza, halafu dereva kupewa kitu cha mkononi kama kibali. Mwaka 1878 Mwingereza Edward Tyer alitengeneza mashine mbili, moja kila stesheni, zilizounganishwa kwa umeme: kibali kimoja kikitoka, mashine zote mbili zinajifunga mpaka kirudishwe. Huna kibali mkononi, huingii.

SGR yetu imefika mbali zaidi. Inatumia mfumo wa Ulaya uitwao ETCS, ngazi ya pili. Treni inapokea ruhusa kwa redio: nenda mpaka kilomita fulani, kwa kasi fulani. Vifaa vidogo vilivyolala katikati ya reli vinaiambia iko wapi. Kompyuta ndani ya kichwa inapiga hesabu muda wote: kwa uzito huu na kasi hii, ni wapi lazima nianze kubana? Dereva akizembea, kompyuta inabana yenyewe. Na kuna kipengele kimoja ambacho ukikumbuka Igandu kitakugusa: treni ikianza kutembea kinyume na mwelekeo wake bila kuamriwa, baada ya umbali mfupi tu kompyuta inashika breki.

Ni hatua kubwa mno. Lakini tuwe wakweli. Kompyuta hiyo iko kwenye kichwa. Behewa la makontena lililoegeshwa peke yake halina kompyuta, halisikii redio, halisomi taa nyekundu. Ishara inamzuia mwenye kutii, na behewa linaloporomoka halina wa kutii.

Dawa yake ni ya kushangaza. Kwenye njia za kuegeshea, wahandisi huweka ulimi wa reli ambao kwa kawaida umeelekezwa nje, kwenye mchanga au kokoto. Behewa likitoroka, linaacha njia hapohapo kwa kasi ndogo, kabla halijaingia njia kuu. Yaani wanaliangusha makusudi. Behewa moja limelala ubavu kwenye mchanga ni hasara, lakini ni hasara unayoweza kuilipa.

Kitu kimoja hakina upande salama

Mpaka hapa tumesema kanuni ya reli ni kuharibikia upande salama. Kuna sehemu moja ambayo haiwezi kufuata kanuni hiyo: njia yenyewe.

Kinachoishikilia treni isiache reli ni ukingo wa gurudumu wenye kimo cha sentimita tatu hivi. Tuta likimegwa na maji, reli inaweza kubaki inaning'inia hewani, chuma hakijakatika, na mtambo ukadhani kila kitu kiko sawa. Januari 30, 1993 huko Kenya, treni ya Mombasa ilifika usiku kwenye daraja la Ngai Ndethya lililoharibiwa na mafuriko, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kwetu, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na kipande hicho kimeendelea kusumbua kila mvua zikizidi.

Joto nalo lina lake. Kilomita moja ya reli ikipanda joto kwa nyuzi 30, inataka kurefuka kwa sentimita 34 hivi. Reli iliyoungwa bila mapengo haina pa kurefukia, kwa hiyo inasukuma pembeni, na kinachoizuia isipinde kama nyoka ni mataruma na zile kokoto. Ukimwona mtu anajaza kokoto za reli kwenye toroli akajengee, ujue hachukui mawe tu, anachukua kishikizo cha njia.

Hapa hakuna valvu wala kompyuta inayotosha. Panahitajika macho: wakaguzi wanaotembea juu ya njia, vyombo vya kupima, taarifa za mvua, na amri ya kusimamisha treni mapema hata kama itakutwa daraja liko salama na abiria wananuna.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali letu: treni ikiishiwa upepo mlimani, nini kinaizuia? Kwa muda mfupi, ni upepo uliobaki kwenye matangi yake. Baada ya hapo ni hendibreki na kabari, yaani mtu aliyeshuka na kuzifunga, akazihesabu, akahakikisha zinashika. Juni 1889 walitegemea mawe. Tulipofika 2002, tofauti haikuwa kubwa kama tulivyodhani. Mzigo wa Kwala utaongezeka, na kila behewa litakaloongezwa lina tangi la upepo linalovuja polepole na hendibreki moja inayosubiri mkono wa mtu.